Feni Mbili na Dirisha Moja

Mume wangu alikuwa na kazi ya kupanga upepo. Vyeti vyake vilimwita fundi sanifu wa majengo, na ofisi yake ilikuwa ya ramani, lakini dawati alilokalia lilikuwa na shughuli moja tu: kuamua hewa iingilie wapi jengoni na itokee wapi. Serikali ilikuwa imesema itahamia Dodoma. Ilisema hivyo tukiwa bado shuleni, ikasema tena tulipooana, na kila iliposema, ofisi yao ilichora majengo ya kuipokea, naye akaletewa ramani azitie madirisha. Aliwapangia hewa waheshimiwa, akawapangia makatibu muhtasi wao na madereva wao, na vyoo vyao pia hakuvisahau. Kisha ramani zilikunjwa zikaingia kabatini kusubiri bajeti. Mimi niliolewa nikijua nimempata mjenzi, na miaka ikapita sijaonyeshwa hata ukuta.

Soko huria lilitukuta wote wawili tumekaa maofisini. Nilikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma, nikiwa na taipureta yangu, soksi zangu ndefu za nailoni na kikombe changu cha chai ambacho hakuna aliyethubutu kukigusa. Shirika likauzwa, na mwenye mali mpya akaona anaweza kuishi bila mimi. Ofisi ya mume wangu haikuuzwa, maana nani angenunua upepo? Ilipunguzwa tu, naye akaangukia upande wa waliopunguzwa. Tukaviunganisha viinua mgongo vyetu tukanunua kompyuta. Ndugu zake walitusihi tununue ng'ombe. Ng'ombe, walisema, hata akizimika unakula nyama.

Ilikuwa kompyuta ya mtumba, imetoka Ulaya kama suruali za nusu ya mji, na ilipanda basi kutoka Dar es Salaam ikiwa imeviringishiwa blanketi. Tukaiweka chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga, tukapaka ubao maneno TUNACHAPA KAZI ZOTE, na wanafunzi wa vyuo wakaanza kuja na ripoti zao walizoziandika kwa mkono, tena mkono mbaya. Biashara ikaenda. Nilikuwa na kasi, na mashine ilikuwa na subira ambayo taipureta haikuwahi kuwa nayo: ukikosea, unafuta, na hakuna bosi anayejua.

Sasa nimlete mama mkwe, maana bila yeye haya yangekuwa maneno ya vyuma tu. Aliishi Haneti, mjane, na mume wangu ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Aliposikia kijana wake amepunguzwa kazi, watu wengine wakitupa pole, yeye alitutumia kuku wa shukrani. "Mungu hakawii," alisema tulipokwenda kumsalimia. "Sasa mwanangu anarudi nyumbani." Mume wangu, ambaye hakuwahi kumkatalia mama yake jambo, ingawa na kutimiza alikuwa hatimizi, akampa jibu la kiofisi. "Mama, tujaribu kwanza hiyo mashine. Ikitushinda, tunarudi kulima." Mama mkwe akaafiki papo hapo. Hivyo ndivyo mambo yalivyowekwa, na kila mtu wa ukoo aliyajua: mashine ikifa, tunahamia Haneti.

Mimi ni mtu wa Kibakwe. Nimekulia milimani, kwenye ukungu wa asubuhi na maharage yanayoota bila kubembelezwa. Dodoma mjini penyewe, pamoja na vumbi lake linaloingia mpaka kwenye chumvi, nilikuwa napavumilia kwa sababu ya ndoa. Haneti sina ubaya napo, watu wake ni wakarimu, lakini sikuwa na mpango napo. Niliipenda ile mashine kwa moyo wangu wote, na kwa hofu yangu yote pia.

Mwezi wa kumi ulipoingia, mashine ikaanza kufa.

Haikufa moja kwa moja. Ilikufa mchana, jua likishachoma mabati, halafu ikafufuka jioni. Kwanza ilitoa harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo, kisha maandishi yakaganda, kisha kioo kikawa cheusi kabisa na mwanafunzi aliyekuwa amesimama nyuma yangu akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na ile sura ya tatu?" Sura ya tatu ilikuwa imekwenda na maji. Niliichapa upya jioni ile, na kesho yake mchana ikaenda tena. Ulikuwa ndio msimu wa wanafunzi kukabidhi ripoti. Tukipoteza msimu ule, wangehamia kwa wachapaji wengine na wasirudi, na mimi ningejifunza kupalilia uwele.

Tukamwita fundi aliyetuuzia. Alikuja na bisibisi moja na kujiamini kwingi, akafungua ubavu wa lile kasha ambalo sisi sote tuliliita sipiyu, akaingiza mkono, akautoa haraka. "Joto," alisema. Hilo tulilijua. Akaeleza kwamba kasha lina nafasi ya kufunga feni mbele, chini, na nafasi nyingine nyuma, juu, na zote mbili ziko tupu. Mfukoni alikuwa na feni mbili alizozichomoa kwenye mashine zilizokwisha kufariki. Alikuwa ameshaanza kukaza skrubu mume wangu alipoinua mkono kama anasimamisha gari.

"Subiri kwanza, bwana. Upepo unatoka wapi?"

"Kwenye feni," alijibu fundi.

Mume wangu alimtazama kwa huruma. Sijawahi kumwona akimtazama mtu namna ile, hata yule ofisa aliyempa barua ya kupunguzwa.

Fundi alizifunga feni zote mbili zikivuta hewa ndani, moja kutoka mbele na moja kutoka nyuma, kwa hoja kwamba mashine inataka hewa, basi ipewe hewa. "Feni ni feni, mzee," alisema, akaenda zake. Kesho yake mashine ilizimika kabla hata sijapika chakula cha mchana. Nilipopeleka habari hizo uani, mume wangu alikuwa anatabasamu. Tumebakiza hatua moja tuhamie Haneti, naye anatabasamu! Nilikasirika mpaka nikaangusha mwiko.

"Ameingiza wageni wawili kwenye chumba kisichokuwa na pa kutokea," alisema. "Hewa ni kama mgeni. Ukimkaribisha ujue pia ataagia mlango upi."

Akaenda chumbani, akavuta chini ya kitanda ubao wake wa kuchorea, ule aliokuja nao kutoka ofisini na ambao nilikuwa naanikia unga. Akaupangusa. Akapima sipiyu kwa rula, urefu, upana na kina, akaichora kwa mbele, kwa ubavu na kwa juu, na pembeni akaweka mshale wa kaskazini. Nilimuuliza sipiyu inataka kaskazini ya nini. Akaniambia jengo lisilojua kaskazini iko wapi halijui liko wapi. Majirani walikuja kuangalia. Mzee mmoja mstaafu wa ofisi yao alikalishwa, akapewa chai, akaitazama ramani kwa muda, akatoa maoni kwamba upande wa mashariki haujashughulikiwa vya kutosha. Yaani tulikuwa na kikao. Mimi nilikaa na lundo la ripoti mapajani nikisubiri kamati imalize.

Lakini nisimcheke sana. Feni ya nyuma aliigeuza, ikawa inatoa hewa badala ya kuingiza. Ya mbele akaiacha ivute, ila akaiwekea kizuizi cha vumbi, na kizuizi chenyewe alikitoa kwenye sanduku langu: soksi yangu ya nailoni, jozi ya mwisho ya enzi za shirika, niliyokuwa nimeihifadhi kwa siku nitakayoitwa tena kazini. Aliikata bila kuniomba. Niliposhtuka akaniuliza, "Ulikuwa unaiweka ya nini?" Akaivuta ikakaza mbele ya feni, na vumbi la Dodoma likaishia pale, jekundu juu ya nailoni.

Halafu akafanya kosa lake, na lilikuwa kosa la mtu wa hapa hasa.

Dodoma upepo unatoka mashariki. Hakuna mjadala kuhusu hilo, na mwenyeji anayejenga nyumba huipa mashariki mgongo, na mlango anauelekeza kwingine, ili vumbi lisimkute mezani. Mume wangu alilinyonya jambo hilo na maziwa ya mama, kisha akalisomea, kisha akalichorea serikali nzima. Chumba chetu cha mbele kilikuwa na dirisha moja, upande wa mashariki, na mlango wa wateja mkabala nalo. Kwa hiyo akaiweka meza katikati ya chumba, sipiyu ikaupa upepo mgongo, na uso wake ukaelekea mlangoni. Ilikuwa heshima kwa upepo na heshima kwa wageni. Kila aliyeingia alisema imekaa vizuri.

Nayo ikaendelea kufa. Ilichelewa kidogo, lakini ilikufa. Mume wangu aliacha kutabasamu. Alikaa mbele ya ramani yake akiwa amejishika shavu, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma kuliko nilivyojihurumia mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa amepanga hewa ya majengo ambayo hayakujengwa, na jengo ambalo halijajengwa halina mtu wa kulalamika ndani yake. Hili la kwanza, dogo la kubebeka kwapani, lilikuwa linalalamika kila siku saa nane.

Habari zilifika Haneti, na mama mkwe akaja. Alishuka na mfuko wa uwele, kuku wawili na kifurushi kilichofungwa kwa kanga. Nikapiga goti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," alinisalimu na kwa Kigogo. "Na hiyo mashine yenu haijambo?"

"Inasumbuasumbua, mama."

"Mungu ni mwema," alisema, akaingia ndani.

Macho yake yalikuwa mekundu, yanatoa machozi bila kilio. Yalikuwa hivyo tangu nimfahamu. Nyumba yake ya Haneti ilikuwa na mlango, na juu ya mafiga palikuwa na tundu ambalo moshi ulilitumia ulipopenda. Dirisha haikuwa nalo. Mume wangu alikuwa amemwahidi dirisha mwezi ule ule aliopata ajira, na tangu hapo kila tulipokwenda kumsalimia alipima ukuta, akasema atarudi na mbao. Vipimo vya ukuta ule alikuwa anavijua kwa moyo.

Kifurushi kilipofunguliwa kilikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye vishada pembezoni. Nyumba yoyote yenye kujiheshimu hufunika redio yake, hufunika makochi yake, na birika pia lina kitambaa chake. Sasa mama mkwe alikuwa amesikia tuna chombo kinachoshinda redio, akakifumia kitambaa bila kukiona, kwa kukisia. Alikifuma kwa ajili ya chombo alichokuwa anakiombea kife. Sijui nieleze vipi, lakini hakuna aliyeona ajabu. Mgeni ni mgeni, na adui naye huvishwa vizuri.

Alikitandika mwenyewe juu ya sipiyu. Vishada vikaning'inia mbele, vikawa vinachezacheza, na mimi nikaona soksi yangu na vishada vyake vinasalimiana. Ni mkwe gani anayeondoa kitambaa cha mama mkwe mbele ya macho yake? Nilikuwa katikati ya ukurasa wa marejeo wa mwanafunzi mmoja wa chuo cha mipango iliposikika krrr kutoka chini. Nailoni ilikuwa imepata uwazi pembeni, na feni ya mbele ilikuwa imemeza kishada.

"Limekula kitambaa changu," alisema mama mkwe.

Mume wangu akazima, akafungua, akaokoa feni kwa wembe. Kishada kimoja kilipotea. Kitambaa kikahamishiwa juu ya monita, nikakibana kwa pini, na mama mkwe akaniangalia nikikibana kama anayeangalia mtu akimfunga mbuzi wake. Mchana ule, saa nane, mashine ikafa tena, naye akakunja mikono akasema uwele wa mwaka huu utahitaji watu wengi wa kupalilia.

Sasa, mama mkwe alikuwa hapendi kukaa ukumbini kwetu, ambako kulikuwa na makochi na giza. Alichukua kiti kidogo akaenda kukaa nyuma ya meza yangu, kati ya sipiyu na dirisha, akiwa ameelekeza uso dirishani. "Hapa pana hewa," alisema. Alikaa hapo kutwa, mwili wake mpana, kanga mbili mabegani, akifumba macho upepo ukimpiga usoni. Machozi yalikauka. Nilichapa, yeye akasinzia, na kati yetu mashine ikavuma. Saa nane ikafika. Ikapita. Saa tisa ikapita. Mwanafunzi wa zamu akaondoka na sura zake zote.

Kesho yake mama mkwe alikwenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama, na mashine ikazima saa nane. Siku iliyofuata akarudi kwenye kiti chake, mashine ikashinda hai. Nikamwambia mume wangu utani, kwamba mashine inamwogopa mama yake. Hakucheka. Alisimama mlangoni akamtazama mama yake, akatazama dirisha, akaitazama sipiyu. Kisha akaenda akapiga magoti nyuma ya kiti, akaweka kiganja pale feni ya nyuma inapotolea hewa.

"Mama, naomba usogee kidogo."

Akasogea. Upepo wa mashariki ukaingia na nguvu zake zote.

"Rudi, mama."

Akarudi.

"Sogea tena."

"Wewe mtoto una nini?" aliuliza, lakini alikuwa anacheka. Nilimwona. Alikuwa anacheka kama msichana. Sidhani kama kuna mtu aliyempangia mahali pa kukaa kwa uangalifu kiasi kile tangu mumewe afariki. Siku zile zilizofuata mume wangu alimwekea kiti kila asubuhi, akamletea mto, akamletea chai, akamuuliza kama hewa inamfikia vizuri, akaandika saa na joto alilolipima kwa kiganja kwenye kona ya ramani. Alikuwa anapima, bila shaka. Lakini yule mama hakujua vipimo. Yeye alijua mwanawe anakuja kila saa kumwuliza hali. Na mimi, aliyekuwa na woga wa Haneti, nilimwona adui yangu akiiokoa mashine yangu kwa mgongo wake mwenyewe, huku amefumba macho, akiiombea ife.

Ukweli ulikuwa mdogo. Sipiyu si nyumba. Nyumba haipumui kwa mgongo, sipiyu inapumua kwa mgongo. Mume wangu alikuwa ameielekeza pua yake ya kutolea pumzi kwenye upepo wa mashariki, na upepo ulikuwa unairudishia joto lake ndani kila mchana, isipokuwa mama yake anapokaa katikati. Alipolitambua hilo alikaa chini sakafuni. Akasema taratibu, "Nimechora mji mzima." Sikujua kama alimaanisha mji mzima ameukosea au mji mzima ungekuwa mzuri. Nilimletea maji ya kunywa.

Tukaigeuza meza. Sasa sipiyu ilielekeza uso dirishani, upepo ukawa unaisaidia feni ya mbele kusukuma, soksi ikakamata vumbi, nami nikawa naifua kila jioni na kuianika pamoja na nguo za ndani. Mgongo ukaelekea mlangoni. Kila mteja aliyeingia alipokewa na nyaya na pumzi ya joto kwenye magoti.

"Mgeni anakaribishwa kwa makalio?" aliuliza mama mkwe, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli.

"Ndivyo inavyotaka, mama," alisema mume wangu.

Saa nane ikapita. Saa tisa. Wiki ikapita, ikapita na nyingine, na ripoti zikatoka, na wanafunzi wakaleta wenzao. Mama mkwe alijaribu kukaa pale pale penye hewa, lakini sasa palikuwa pangu. Mpiga chapa anakaa mbele ya mashine, na mbele ya mashine ndiko kulikuwa dirishani. Kiti chake kikarudi ukumbini, kwenye makochi na giza. Hakuna aliyemwuliza tena kama hewa inamfikia. Baada ya siku chache akasema anarudi nyumbani, mvua iko karibu. Kitambaa chake akakibandua kwenye monita, akatoa pini moja moja, akazirudisha mkononi mwangu.

Tulimsindikiza stendi. Mume wangu alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda, akimweleza njia nzima habari za hewa ya kuingia na hewa ya kutoka, na jinsi mzee wa ofisini alivyokuja kumpa mkono. Mama alisikiliza mpaka basi lilipopiga honi. Akapanda ngazi moja, akageuka.

"Nimefurahi, baba. Umelipatia lile dude hewa yake," alisema. "Na mimi ile ya kwangu, mbao umeshapata?"

Basi likaondoka. Mume wangu alibaki amesimama na mkono bado uko juu, na vumbi la basi likampiga usoni akashindwa kufumba macho. Tulirudi kwa miguu. Nyumbani alivuta ubao wa kuchorea, akautazama, akaurudisha chini ya kitanda. Asubuhi alikwenda sokoni kununua mbao.

Hivyo mashine haikufa, na mume wangu akahamia Haneti. Ndivyo ilivyokuwa. Alisema siku mbili, akakaa mpaka mvua. Alilikata dirisha la mama yake, jirani akaliona akataka la kwake, na jirani wa jirani, na yeye hakuweza kumwambia mtu ukuta wake usubiri bajeti. Nilibaki mjini na mashine yangu, na kila jioni nilifua soksi nikijiuliza nilikuwa naogopa nini hasa. Nilimkosa. Niseme hivyo tu, maana wakati ule nilisema ninakosa mtu wa kubeba maji.

Nilikwenda kumfuata matope yalipoanza. Dirisha nililiona tangu njiani, upande usioelekea mashariki, lina fremu iliyonyooka kuliko mlango. Mama mkwe alinipokea, nikapiga goti, akanikalisha. Ndani mlikuwa na giza lile lile. Kitambaa cheupe cha kufuma kilikuwa kimetandazwa dirishani pembe hadi pembe, kimepigwa misumari, na upande wa chini kulikuwa na kishada kimoja pungufu.

Mume wangu aliingia nyuma yangu na nyundo mkononi, akaona ninachokitazama, akasogea upesi kukibandua. "Mama, nimekwambia. Kitambaa kinazuia hewa."

"Kiache," alisema mama mkwe. Alikuwa anapuliza moto mafigani, na macho yalikuwa mekundu kama siku zote. "Hewa! Nimeishi bila hiyo hewa tangu nimeolewa, nimekufa? Mimi dirisha nilikuwa nalitaka ili uje ulijenge."

Mume wangu alisimama na mkono umeshika pembe ya kitambaa. Kisha akaachia, akaokota msumari uliokuwa umelegea, akaugongomea mahali pake taratibu, akakinyoosha kitambaa kisikae upande.